Tulienda Kuhesabiwa Nyumbani

Acha niseme ile ya aibu kwanza, tukimaliza kucheka tuendelee. Mimi ndiye nilisimama kanisani, watu wamejaa mpaka wengine wamekalia madirisha, nimevaa koti la harusi yangu ambalo siku hizi halifungi, nikamhakikishia mtu wa serikali kwa sauti kubwa kwamba kijiji chetu hakina watu. Sikuwa nimelewa. Hakuna mtu alikuwa amenihonga. Nilikuwa nimechaguliwa na kijiji hicho hicho nikaseme kinyume chake.

Kijiji chenyewe kiko upande wa Kiminini, nje ya Kitale, na kazi yangu hapo ni mashine ya kupukuchua mahindi. Mashine si yangu. Yangu ni kuilisha mahindi mdomoni na kupiga kelele watoto wasikaribie, na kwa sababu hiyo watu huniita Mashine. Shule niliachia form two, katikati ya muhula. Mama anasema ilikuwa karo. Mimi nasema ilikuwa hesabu. Sasa angalia utani wa Mungu: mtu aliyekimbia hesabu ya ubao, hesabu ya taifa nzima ikaja kumtafuta mpaka mlangoni.

Ili uelewe ile aibu lazima kwanza utuelewe sisi. Wengi wetu hapa wazazi wetu walitoka Bungoma. Kuna waliokuja kufanya kazi kwa mashamba makubwa, kuna walionunua vipande vyao. Tumezaliwa hapa, meno yetu yameota hapa na ya wengine yameng'oka hapa hapa, lakini muulize yeyote kwao ni wapi. "Bungoma." Halafu anaongeza, kama mtu anayeomba msamaha, "Hapa niko tu." Unaweza kujenga nyumba ya matofali, uchimbe kisima, upande parachichi na uyale mpaka uyachoke, na bado uiite ploti. Nyumbani ni kule kaburi la babu liko, hata kama kibanda chako cha huko kililiwa na mchwa zamani.

Basi sensa ya elfu mbili na kumi na tisa ikakaribia. Tulikuwa tumesikia kwa redio, kwa soko, nje ya kanisa, kwamba pesa ya Nairobi ikigawiwa kaunti, kitu kikubwa kinachoangaliwa ni watu. Kaunti yenye watu wengi inapata fungu kubwa. Hiyo tuliisikia vizuri sana. Ile sehemu ingine, kwamba serikali inaendelea kuangalia watu mpaka chini, mpaka kwa kata ndogo, mpaka kwa sindano ya mtoto, nafikiri hapo tulikuwa tumeenda chai.

Jirani yangu fundi wa baiskeli ndiye alianza. "Sasa wewe utahesabiwa kwa ploti kama mpangaji? Mama yako akiulizwa huyu kijana wako yuko wapi, aseme umepotea?"

"Siwezi hesabiwa hapa," nikamwambia. "Mimi si mtu wa kuokotwa."

Nikaenda kwa mwenye mashine nikamwomba lori yake. Akanipa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anataka kwenda. Asubuhi ya siku ya sensa nilisimama nyuma ya lori nikipiga kelele kama makanga wa matatu, "Bungoma! Bungoma ya kuhesabiwa! Panda na mama yako!" na watu wakapanda. Akina mama na watoto mgongoni, wazee na viti vyao, mtu mmoja na kuku wa kupelekea shangazi. Kila mlango ulifungwa kufuli. Kijiji kikabaki na mbwa.

Na mwanamke mmoja. Huyo tunamwita Chairlady, kwa sababu kikundi chochote cha akina mama kikianzishwa hapa, hata kabla ya kujua ni cha nini, yeye ndiye mwenyekiti. Ni rafiki yangu, ingawa hakuna siku amenisifu. Ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Alisimama kwa geti lake, mikono kiunoni, akaangalia lori ikipita.

"Chairlady, panda! Unataka kuhesabiwa na nani huku?"

"Nendeni," akasema. "Ng'ombe wangu hajui sensa."

Karani wa sensa alifika kwa mama Bungoma mchana wa siku iliyofuata. Alikuwa msichana wa huko huko, amevaa ile kizibao ya kung'aa, mkononi ameshika simu pana kama sahani. Tulimletea kiti na chai. Mama alikaa chini kwa mkeka, miguu ameinyoosha, akijua wazi kwamba leo yeye ndiye mheshimiwa.

"Mama, ule usiku wa sensa, watu wangapi walilala kwa hii boma?"

"Walilala wale wako hapa," mama akasema.

"Wangapi, mama?"

"Watu si kuku."

Kwetu mtoto wa mtu hahesabiwi. Ukiwasimamisha na kuwanyooshea kidole, moja, mbili, tatu, umewaitia macho mabaya, na ukilala unangoja kusikia nani ameanza kuumwa. Nilitaka kuingilia nimwambie mama hii ni serikali, lakini yule msichana alikuwa amelelewa na mama kama huyu. Akasema polepole, "Basi usiwahesabu, mama. Wewe nitajie majina tu. Ile ingine nitafanya mimi kwa roho yangu."

Mama akataja. Msichana akagusa kioo chake. Alipofika kwangu akauliza kazi, nikamwambia. Akauliza elimu.

"Form two na nusu," nikasema.

"Nusu haiko hapa."

"Tafuta vizuri."

"Mzee, kuna form two na kuna form three."

"Basi serikali ijue kuna watu hapo katikati."

Akaandika two. Akaendelea: maji tunateka wapi, choo ni ya aina gani, tunapikia nini, sakafu ni ya nini, kuna redio, kuna mbuzi. Niliona ni mchezo, kusema kweli. Nilikuwa nimeanza kufikiria vile nitamuuliza kama sahani yake inaweza kushika mpira wa usiku. Halafu akamgeukia mama.

"Mama, wewe mwenyewe umezaa watoto. Wako hai wote?"

Mama akavuta leso yake.

"Huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu, "watu hudhani ndiye wa kwanza. Mbele yake kulikuwa na msichana. Alikuwa ameanza kutambaa. Ilikuwa homa, na hospitali ilikuwa mbali, na baba yao hakuwa na baiskeli wakati huo."

Mimi ni mtu mzima. Nina watoto wangu. Maisha yangu yote nimekuwa kifungua mimba, nimewatuma ndugu zangu dukani kwa hicho cheo, nimewagombeza kwa hicho cheo, na hapo nikasimama nimeegemea nguzo ya jikoni nikigundua kwamba cheo hakikuwa changu. Baba alikufa bila kuniambia. Mashangazi wote walijua na hawakusema. Hakuna mtu alikuwa amewahi kumuuliza mama, na wa kwanza kumuuliza alikuwa Serikali ya Kenya.

"Pole, mama," msichana akasema, na kidole chake kikagusa kioo.

Mama akajiinua kidogo kutoka kwa mkeka ili aone. "Ameingia?"

"Ameingia, mama."

Mama akarudi chini akamwambia anywe chai, inapoa.

Niliporudi Kiminini niliona nimefanya kazi ya maana. Ng'ombe wa Chairlady alikuwa amezaa ndama jike. Yeye akaniambia karani alikuja, akabisha kila mlango, akapigiwa kelele na mbwa, akarudi tena na tena, mwisho akakaa kwake akanywa maziwa ya kwanza. Tulicheka sana. Tulicheka vibaya.

Miaka ikapita, na sasa nifike kwa dispensari, kwa sababu hapo ndipo kucheka kuliishia.

Mtu akiugua hapa kwetu anapelekwa Kiminini au Kitale, na mvua ikinyesha ile barabara yetu ya udongo inakuwa sabuni. Kijana wa Chairlady alioa, na bibi yake uchungu ulipoanza, wa mtoto wa kwanza, walimpakia kwa pikipiki kwenye mvua, Chairlady akiwa nyuma amemshika. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, chini ya leso zilizoshikwa na akina mama waliokuwa wanatoka shambani. Hakulia. Chairlady alimbeba mpaka nyumbani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa amemshika mkaza mwana wake, na tangu siku hiyo alianza kutuchosha na matofali ya dispensari.

Kila boma lilitoa. Mwingine udongo, mwingine kuni za kuchomea, mwingine mgongo wake. Mimi nilitoa kelele na siku za kazi. Dispensari ikasimama, mabati mapya, ukuta umepakwa rangi ya maziwa na ya kijani, mlango una kufuli. Na kufuli ikakaa. Muuguzi hakuna, dawa hakuna. Mbuzi wakapata kivuli kizuri. Kila tukiuliza tunaambiwa subirini, mko kwa mpango.

Mwaka jana mkaza mwana wa Chairlady akawa mjamzito tena. Chairlady hakusema mengi. Alikuwa tu anapita kwa dispensari kila jioni, anafukuza mbuzi, anafagia baraza, anaenda. Kila mtu aliyemwona alijua anataka nini: hiyo kufuli itolewe kabla ya mtoto kufika.

Ndipo kaunti ikatangaza mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu bajeti, kanisani kwetu. Chairlady akaja kwangu.

"Mashine, wewe utatusemea."

"Mimi? Kuna walimu."

"Walimu wanazungusha maneno sana. Wewe una sauti, umezoea kushindana na injini. Utasimama, utasema sisi ni wengi, tunataka muuguzi. Basi. Usiongeze kitu."

Nikatoa koti la harusi.

Aliyekuja kutoka idara ya mipango alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mpole, na kompyuta na projekta. Tulimwita Madam. Wakaziba madirisha kwa leso nyuma ya migongo ya waliokalia, wakatundika shuka nyeupe pale mbele, na taa ikawaka juu ya shuka. Mwanzoni niliona rangi rangi tu, kijani na kahawia. Halafu Madam akasema, "Hapa ni kwenu. Hii picha imepigwa kutoka juu kabisa, juu ya ndege, juu ya mawingu." Akaivuta karibu.

Kanisa lote likasema "Aaa!" kwa sauti moja.

Ilikuwa barabara yetu. Ilikuwa mti wa mwenye duka. Ilikuwa dispensari, bati lake linang'aa kuliko yote. Watu wakaanza kutaja, "Ile ni kwa fundi! Ile ni kwa mama wa mapacha! Huyo ni ng'ombe ama ni gunia?" Na hapo katikati, wazi kabisa, paa langu, na ile tairi kuukuu niliyoiweka juu ili upepo usibebe mabati.

Bibi yangu akanifinya. "Si nilikuambia utoe hiyo tairi? Sasa ona, mpaka mbinguni wanaiona."

Sijawahi kupanda ndege. Kitu cha juu kabisa nimepanda ni mlima, kule Kapsokwony, na huko nilikuwa naangalia miguu yangu nisianguke. Na sasa nilikuwa nimekaa kwa benchi nikijiangalia kutoka mahali malaika hukaa, nikaona vile boma langu ni dogo, na vile mtu fulani huko alijisumbua kuliangalia. Mimi nilikuwa nafikiri serikali haijui hata barabara yetu. Kumbe inajua tairi.

Halafu Madam akataja hesabu ya watu wa kata ndogo yetu. Siiandiki hapa. Ilikuwa ndogo hivi kwamba kwaya yetu na wazazi wa wanakwaya wangeimaliza. Akasema ndiyo maana dispensari yetu imekuwa ikirukwa: kuna mahali pengine pana watu wengi zaidi na wanangoja muuguzi huyo huyo.

Kanisa likapasuka. Chairlady akanigeukia, akanifanyia ishara kwa kidevu. Nikasimama.

"Madam, kwa heshima zote! Hiyo hesabu ni ya uongo. Angalia humu ndani. Sisi ni vivuli?"

Makofi. Nikajaribu kufunga koti, likakataa, nikaendelea.

"Watu walikaa kwa ofisi wakatukisia! Hawakuja!"

"Sawa, mzee," Madam akasema. "Hebu nisaidie. Usiku wa sensa wewe ulilala wapi?"

"Nyumbani," nikasema, kifua mbele.

"Nyumbani ni hapa?"

"Hapana! Nyumbani, Bungoma. Hatungekubali kuhesabiwa kwa ploti. Tulijaza lori."

"Na majirani?"

"Wote! Mimi mwenyewe ndiye nilipanga. Nakwambia, Madam, usiku ule hakuna mtu alibaki hapa!"

Nikangoja makofi. Nilisikia projekta ikipumua. Fundi wa baiskeli alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia kiatu chake kama kimeandikwa kitu. Nilianza kuelewa polepole, kutoka miguuni kupanda juu, kama mtu anayeingia mtoni.

Chairlady ndiye alianza. "Kwa hivyo mimi na ng'ombe wangu ndio kata ndogo."

Wakacheka, Mungu wangu. Mpaka mchungaji. Mimi nilibaki nimesimama kwa sababu nilikuwa nimesahau vile watu hukaa.

Madam hakucheka. Akaonyesha shuka. "Mapaa tunayaona," akasema. "Lakini watu hawaonekani kwa picha. Watu lazima mtuambie wenyewe. Karani alikuja akakuta kufuli. Angeandika nini? Na hata sensa haikuwauliza kwenu ni wapi, kwenu hakuna mtu anawanyang'anya. Iliuliza mmelala wapi, mnateka maji wapi, watoto wanasoma wapi. Kwa sababu hapo ndipo mtahitaji maji, na mwalimu, na dawa."

"Si mrudie basi?" nikasema. Nilikuwa tayari kwenye shimo, nikaona nichimbe tu. "Ni asubuhi moja. Tutakaa nyumbani wote. Nitawafungia mimi mwenyewe."

Akatabasamu, na akatueleza, na nakuomba uniamini kwamba kanisa hilo halijawahi kutulia hivyo hata kwa mazishi. Alisema sensa moja inaanza kuandaliwa miaka mbele. Nchi nzima inachorwa na kukatwa vipande vipande, kila kipande kidogo cha kutosha karani mmoja kukizunguka kwa miguu, na hakuna nyumba inaruhusiwa kuanguka katikati ya vipande viwili. Halafu mitambo, halafu kufundisha makarani wa kuenea kila kijiji. Hazina ya taifa inatenga pesa ya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, wakati mwingine na mkono wa marafiki wa nje, na ndiyo maana inafanywa mara moja tu kwa miaka kumi. Na inashikwa kwa usiku mmoja ili mtu asihesabiwe mara mbili, wala asirukwe.

Nikafikiria huo usiku. Usiku mmoja, nchi nzima inaulizwa swali moja tu: umelala wapi? Rais anaulizwa. Mfungwa anaulizwa. Mchunga ngamia huko Turkana, mgonjwa kitandani, mtu anayelala nje ya duka na gunia lake, wote, kila mmoja ni mmoja, hakuna anayehesabiwa wawili kwa sababu ana tumbo kubwa. Mimi kwa mkeka wa mama pia nilikuwa mmoja, sawa na rais. Nywele za mikono zilisimama ndani ya lile koti.

Mama mmoja mzee akainua mkono. "Na mbona mnaulizia watoto waliokufa? Si hiyo ni kufukua makaburi?"

"Ni kweli inauma, kukhu," Madam akasema, akimwita vile tunaita nyanya zetu. "Lakini hiyo ndiyo inatuonyesha watoto wanapotea wapi. Mama mmoja akisema, ni huzuni yake. Mama wa eneo nzima wakisema, tunaona mahali pa kupeleka chanjo, na wakunga, na zahanati."

Nikakaa chini. Nilikuwa namwona mama akijiinua kutoka kwa mkeka, akiuliza kama ameingia. Ameingia, kweli. Dada yangu mkubwa, ambaye hakufika hata kusimama, anafanya kazi ya serikali. Yuko huko ndani na wenzake, wanaonyesha watu wa ofisi njia. Mimi na elimu yangu ya nusu sijawahi kupata hata kazi ya kufagia kwa chifu.

Chairlady hakuwa na wakati wa kushangaa. Alisimama palepale alipokuwa. "Madam, hayo yote nimesikia na ni mazuri. Lakini mimi mkaza mwana wangu anajifungua kabla mahindi hayajakauka. Yule wa kwanza nilimbeba na huu mkono. Nifanye nini?"

Madam alifunga kompyuta kidogo, akamwangalia. Alisema hesabu ya sensa haiwezi kubadilishwa mpaka sensa ingine. Lakini muuguzi anatumwa na idara ya afya ya kaunti, na idara inaangalia pia boma zilizosajiliwa na mhudumu wa afya wa kijiji. Sasa huyo mhudumu wetu, mama mmoja mvumilivu, akasimama nyuma akasema, "Nimezunguka hapa mpaka nimechoka. Kila nikitaka kuwasajili wananiambia sisi si wa hapa."

Hukumu yangu ilitolewa hapo hapo, na Chairlady. "Mashine atazunguka na wewe. Nyumba zote."

Tulizunguka. Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu watu walikuwa wananicheka kwanza, halafu wanakataa. Mwenye duka akasema akijisajili hapa ndugu zake watachukua shamba lake la Bungoma. Fundi wa baiskeli akasema, "Wewe wiki hii unatufanya watu wa Kiminini, wiki ijayo utatupeleka Cheptais?" Mgumu kuliko wote alikuwa mzee mmoja anayeishi karibu na mto, aliyefika hapa kabla mimi sijazaliwa. Bibi yake alizikwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo.

"Mimi hapa napita tu," akasema.

"Baba, umepita miaka hiyo yote?"

"Kwetu kunanijua."

"Kwenu kunakujua, sawa. Hakuna mtu anakutoa huko. Lakini juzi ulipougua ile kifua, uliugulia wapi?"

Akaniangalia. Akaangalia kitanda chake kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Hapa," akasema.

"Basi hiyo tu ndiyo anauliza huyu mama."

Akavuta kiti, akamwambia mhudumu akae. Baada ya hapo nililitumia hilo swali kila mlango. Uliugulia wapi? Mtoto wako akipata homa, anaipatia wapi? Hakuna mtu alijibu Bungoma. Hata mimi, zamu yetu ilipofika, bibi yangu akiniangalia, nilisema hapa, na lilitoka kwa shida kama jino.

Sitakudanganya ati tulipata hospitali. Tulipata muuguzi mmoja, mwanamume mchapakazi, na friji ya chanjo, na masanduku ya dawa ambayo mwisho wa mwezi huwa yanapwaya. Aliniambia hata hizo dawa zinapimwa kwa watu walioandikwa: ukisema uko, kidonge chako kinapakiwa. Siku aliyofika Chairlady mwenyewe ndiye alifungua ile kufuli, na mbuzi mmoja akajaribu kuingia mbele yake.

Mahindi yalikuwa bado mabichi mkaza mwana wake aliposhikwa na uchungu. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida ya mvua. Alitembea mwenyewe mpaka dispensari, polepole, akina mama wawili pembeni. Mimi sikuwa na kazi hapo, lakini nilienda kusimama barazani na wanaume wengine, tukijifanya tunaongea habari ya mbolea. Tulikuwa tunasikiliza ukuta.

Halafu tukasikia mtoto. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Fundi wa baiskeli akavua kofia. Mimi nikajifuta uso na kusema ni mvua, ingawa tulikuwa chini ya bati.

Chairlady alitoka baadaye sana, mikono mitupu, akasimama karibu na mimi akiangalia barabara vile imekuwa tope. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Ile siku kanisani, Mashine, nilitaka ardhi ikumeze na hilo koti. Lakini ungenyamaza, leo tungekuwa bado tunalaumu kaunti na Mungu." Akapandisha leso yake begani, akashuka ngazi moja, akasimama tena. "Usizoee, lakini."